Maziwa Yaliyopotea Njia

1

Mtoto wa kitanda cha nne alikuwa hajala kwa siku tano, na asubuhi ile ya Jumatatu ndipo Mratibu, kompyuta iliyosimamia wodi, aliporuhusu alishwe.

Sista Skolastika Nombo alimshika kichwa kwa viganja viwili, akakiinua kidogo, akasubiri. Mrija ukajiingiza wenyewe puani. Kwenye karatasi za kiwandani uliitwa Mrija Tambuzi. Wauguzi wa hospitali ile ya watoto, iliyojengwa mlimani nje ya Songea, waliuita nyungunyungu kwa jinsi ulivyojikunja na kujinyoosha ukitafuta njia. Ulikuwa mwembamba, laini, na mwishoni ulikuwa na ncha ndogo mfano wa punje ya mpunga. Ncha hiyo ilionja. Kila ilipofika iliuliza mambo mawili tu: hapa hewa inapita? Hapa pana tindikali? Pasipo na hewa, penye tindikali, ni tumboni. Hapo mrija hujishikiza, taa ya kijani ikawaka ukutani, na maziwa yakaanza kushuka bila mkono wa mtu.

Mtoto aliitwa Edeltruda Kinunda. Nyumbani walimwita Truda. Alikuwa na miaka minne, na nimonia ilikuwa imeshika sehemu yote ya chini ya pafu lake la kulia. Ndege ya wagonjwa isiyo na rubani ilimleta kutoka milima ya Mbinga kwa nusu saa. Baba yake, Kastor, alifika kesho yake kwa basi, kwa kuwa kwenye ndege hiyo hapakuwa na nafasi ya mtu mzima. Mama yake hakuja. Alikuwa amejifungua siku tisa zilizopita.

Ncha ilipita nyuma ya ulimi. Truda, aliyelazwa usingizi kwa dawa na kupumulishwa na mashine, akakohoa. Kikohozi kilikuwa kidogo, kikavu, cha mtu aliye mbali usingizini. Oksijeni kwenye kioo ikashuka kutoka tisini na tano hadi tisini, ikakaa pale kwa pumzi tatu nne, ikapanda tena.

Taa ya kijani ikawaka.

"Sista," Kastor alisema. Alikuwa amesimama upande wa miguu ya kitanda, kofia mkononi. "Amekohoa. Ndivyo inavyokuwa?"

Skolastika aliitazama taa, akamtazama mtoto. Kisha akanyoosha kidole akabonyeza neno ZUIA kwenye kioo.

"Sista Skolastika," Mratibu alisema ukutani, kwa ile sauti yake ya kike isiyochoka. "Tafadhali taja sababu ya kuzuia."

"Amekohoa. Oksijeni imeshuka."

"Kikohozi na mshuko huo vimo ndani ya kiwango kinachotarajiwa. Mahali pa mrija pamethibitishwa. Mtoto hajala kwa siku tano, na kila saa ya kuchelewa inaongeza hatari. Je, unaendelea kuzuia?"

Majuma mawili nyuma Skolastika alikuwa ameitwa ofisini akapewa barua ya onyo. Katika mwezi mmoja alikuwa amezuia mirija mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja mashine ilikuwa sahihi. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamecheleweshewa chakula kwa sababu ya hofu zake. Alikuwa miongoni mwa wauguzi wa mwisho waliofundishwa kuweka mrija kwa mkono, kabla sheria haijakataza. Sheria ilikuwa na haki yake kukataza, kwa maana mikono ya watu iliua watoto wengi enzi zile, na tangu nyungunyungu waje, vifo hivyo vilikuwa vimekaribia kwisha. Vijana wodini walimtania wakimwita bibi wa zamani. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuamini kwamba hofu yake ni uzee tu.

Akaondoa kidole. Maziwa yakashuka.

"Mashine imeridhika, Baba Truda," alisema.

"Na wewe?"

"Ni sawa," akasema Skolastika.

Kastor akashusha pumzi, akavuta kiti, akaketi. "Basi kama wewe umeridhika, na mimi nimeridhika."

2

Ilipofika saa sita mchana oksijeni ilikuwa themanini na mbili na haipandi. Mratibu aliongeza nguvu ya mashine ya kupumulia, akaandika kwamba nimonia inazidi. Skolastika hakusubiri ruhusa. Alitoka mbio kwenye korido, viatu vikilia sakafuni, akamkuta Dakta Otmar Haule akinywa chai.

"Njoo na eksirei," alimwambia. "Tafadhali, daktari. Usiniulize."

Haule alikuwa mkuu wa wodi, mtu mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kuvua miwani kila aliposhikwa na wasiwasi. Alileta mashine ya picha yeye mwenyewe. Picha ilipotokea kwenye kioo, aliivua ile miwani akabaki nayo mkononi.

Mrija ulionekana kama uzi mweupe. Ulishuka shingoni, na badala ya kwenda moja kwa moja chini, ulikata kulia, ukazama ndani kabisa ya pafu. Pafu lenyewe lilikuwa jeupe pe.

"Zima maziwa," Haule alisema.

Walifanya kazi pamoja. Mrija ukatolewa. Mpira wa kufyonzea ukaingizwa kifuani, na katika chupa ya ukutani yakaanza kuja maziwa, kidogo kidogo, yenye povu. Kastor alisimama akayatazama.

"Hayo yanatoka wapi?" aliuliza.

"Kifuani," Haule alijibu. "Kuna uchafu umeingia kifuani, mzee. Tunautoa."

Kastor akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Skolastika aliinamisha uso wake kwenye glavu zake.

Baadaye, kwenye chumba cha dawa, Haule alimchorea kwenye kisanduku cha pamba. "Mtoto alitapika akiwa angani, siyo? Imeandikwa. Matapishi yakaingia pafuni. Hapo tindikali ikapatikana. Na pafu lilipozibwa na nimonia, hewa haipiti. Halafu tulimpa dawa ya kupunguza tindikali, ili tumbo lisifanye vidonda. Kila mtoto aliye kwenye mashine ya kupumulia anapewa hiyo. Mratibu anajua, kwa hiyo huiambia ncha iridhike na tindikali hata iwe ndogo." Akaweka kalamu chini. "Ncha imeuliza maswali yake mawili, na yote yamejibiwa vizuri. Tatizo ni kwamba haikuwa tumboni."

"Mara ngapi imetokea?"

"Sijui. Nani angejua? Watoto wenye nimonia hufa kwa nimonia. Hakuna anayepiga picha."

Mchana ule ule Skolastika alimwekea Truda mrija kwa mkono. Alipima kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, na kutoka sikio hadi chini ya mfupa wa kifua, akatia alama kwa kalamu. Mrija wenyewe aliutoa kwenye kabati la mafunzo, pakiti imebadilika rangi. Haule alisimama mlangoni akiwapa mgongo, asione lile ambalo sheria ingemtaka alione. Wakapiga picha. Safari hii uzi mweupe ulishuka wima mpaka tumboni.

Maziwa yakaenda yalikotakiwa kwenda. Kwa siku tatu Truda alilishwa kila baada ya saa tatu, na kila mara Skolastika ndiye aliyeshika bomba, hata zamu yake ilipokwisha. Baba yake alimpaka mafuta miguuni na kumsimulia habari za nyumbani: mvua imenyesha, mahindi yamechipua kwenye ngoro, mashimo yao ya kulimia mlimani, mbuzi mweusi amefungua kamba akala nguo ya katekista. Alicheka peke yake alipofika hapo.

Pafu halikupona. Maziwa yalikuwa yameliunguza, na uchafu mpya ukafuata. Alhamisi alasiri, saa kumi kasorobo, moyo wa Truda ulisimama. Haule na wenzake waliuhangaikia kwa dakika arobaini. Kisha Haule akaitazama saa, akaitaja kwa sauti, na Kastor Kinunda akavua kofia ambayo hakuwa ameivaa, mkono ukapita juu ya kichwa kitupu.

3

Cheti kilikuwa mezani kwa Haule, tayari kimeandikwa: *Nimonia kali.*

"Si uongo," alisema kabla Skolastika hajaketi.

"Si ukweli pia."

"Kaa kwanza, Skola."

Akaketi. Dirishani jua la jioni lilikuwa likiwaka juu ya paa za mji.

"Sheria unaijua," Haule alisema. "Kifo kikihusishwa na mrija, mirija yote ya kanda inazimwa siku hiyo hiyo. Si huu mmoja, ni yote, mpaka uchunguzi uishe. Unajua uchunguzi ulichukua muda gani kule nilikokuwa kabla ya kuja hapa? Miezi mitano. Wauguzi hawakujua kuweka mrija kwa mkono, kwa sababu tulikuwa tumewakataza kujifunza. Watoto walikufa njaa kitandani, Skola, hospitalini, maziwa yakiwa kwenye friji. Wengine waliwekewa mirija na watu waliokuwa wakijaribu kwa mara ya kwanza. Thelathini na wanne. Vyeti kumi na moja nilisaini mimi kwa mkono huu."

"Hakuna njia ya katikati?"

"Nimewapigia kiwandani tangu juzi. Nimewaeleza kama nilivyokueleza wewe. Wameniambia bila taarifa rasmi ya kifo hakuna kosa, na pasipo kosa hawawezi kugusa mpangilio wa ncha. Nimewaomba watoe tahadhari tu, waambie watu wapige picha kwa watoto wa nimonia. Wakasema tahadhari ni kukiri."

"Sasa hivi," Skolastika alisema polepole, "ni watoto wangapi kwenye kanda wana nimonia na wanapewa dawa ile?"

Haule alivua miwani. Alikuwa amekwisha kuangalia, na Skolastika aliliona hilo usoni mwake.

"Ishirini na watatu."

"Ukinyamaza?"

"Wengi wao haitawapata. Pengine mmoja. Pengine hata huyo mmoja asipatikane mwaka huu."

"Nikisema?"

"Tunduru kuna muuguzi mmoja kwa watoto kumi na wanane. Mmoja! Nyungunyungu ndio mikono yake." Akaivaa miwani tena. "Mimi siandiki. Nimeshindwa, sijifichi. Lakini sitakuzuia. Jina lako liko kwenye zamu, na una haki ya kutoa taarifa kama mimi."

Skolastika alikichukua kile cheti, akakisoma tena, akakirudisha mahali pake.

4

Asubuhi alimkuta Kastor kwenye benchi nje ya chumba cha maiti, akingoja jeneza. Alikuwa amekikunja kitenge alicholetwa nacho Truda kikawa mraba mdogo, amekiweka pajani.

"Shikamoo, sista," alisema, ingawa umri wao haukupishana sana. Ilikuwa heshima ya uuguzi.

Skolastika hakuweza kuitikia marahaba. Aliketi kando yake.

"Baba Truda, nina neno la kukwambia, na ukishalisikia hutataka kuniamkia tena. Siku ile mrija ulipoingia, haukwenda tumboni. Ulikwenda kwenye pafu. Yale maziwa uliyoyaona kwenye chupa ni maziwa tuliyomlisha sisi. Nimonia ilikuwapo, na huenda ingemchukua. Lakini maziwa ndiyo yaliyommaliza."

Mtunza chumba akatoka, akawaona, akarudi ndani.

"Ulijua?" Kastor aliuliza.

"Sikujua. Nilitia shaka. Alipokohoa nilitia shaka."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza, *na wewe?* Ukasema ni sawa." Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayejikumbusha jambo asije akakosea. "Kwa nini hukusema?"

Akamweleza habari za barua ya onyo, na mara kumi na moja, na mashine iliyokuwa sahihi siku zote. Alipokuwa akiyasema aliyasikia yanavyopungua, mpaka mwisho hayakuwa na uzito wowote.

Kastor akasimama, akakiweka kile kitenge kwapani.

"Utakwenda na mimi," alisema. "Utamwambia mama yake kwa kinywa chako. Mimi nikiyasema hatanisadiki, ataona nimechanganyikiwa na msiba. Na yule anastahili kujua."

Walipanda gari moja, jeneza dogo katikati yao. Barabara ya Mbinga ilipinda na kupinda mashambani mwa kahawa. Mara moja gari liliruka kwenye shimo, wote wawili wakanyoosha mikono kulishika jeneza, na mikono yao ikagongana.

Mazishi yalikuwa alasiri, mvua ikinyunya. Walipotoka kaburini, Kastor alimwongoza Skolastika mpaka chumba cha ndani. Odilia, mkewe, alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, kichanga kikinyonya. Wanawake wawili waliokuwa naye walisogea, lakini hawakutoka.

Skolastika alipiga magoti akasema yote, tangu kikohozi mpaka chupa ya ukutani. Hakuitaja barua ya onyo.

Odilia alimsikiliza bila kuyaondoa macho yake kwenye uso wa mgeni. Skolastika alipomaliza, mmoja wa wanawake wale alianza kulia kwa sauti. Odilia akamwashiria anyamaze.

"Alikuwa na njaa?" aliuliza.

"Mama…"

"Siku tatu hapa hakula. Nilimpa uji akaukataa. Nilimpa ndizi akaitema. Nikasema huko wana mashine, watamlisha. Sasa unaniambia maziwa hayakufika tumboni. Nakuuliza, mwanangu amekufa na njaa?"

"Hapana," Skolastika alisema. "Baada ya pale tulimwekea mwingine. Ukafika. Siku tatu za mwisho alishiba."

"Nani alimlisha?"

"Mimi."

Odilia akafumba macho. Mtoto mchanga aliachia titi, akagunaguna, akalitafuta tena, na mama akamwelekeza kwa mkono bila kufumbua.

"Na wengine?" alisema hatimaye. "Watoto wengine huko wanalishwa na mashine hiyo hiyo?"

"Ndiyo."

Kastor, aliyekuwa mlangoni, alimtazama Skolastika, akatoka nje.

Skolastika alitoka baada yake. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wakipakua maharage kwa ajili ya waombolezaji. Alisimama kwenye ukingo wa shamba ambapo simu ilishika mtandao, akafungua ukurasa wa taarifa za vifo. Palikuwa na swali moja tu lililokuwa na maana: *Je, mrija umehusika?* Aliwafikiria wale ishirini na watatu. Akawafikiria wale kumi na wanane wa Tunduru. Alijaribu kuwaweka mizanini, akaona kwamba hawapimiki. Wale wa kwanza hawakuwa na jina na wa pili hawakuwa na jina, na mwenye jina alikuwa amefukiwa mita mia kutoka aliposimama.

Akabonyeza *Ndiyo*.

"Asante kwa taarifa, Sista Skolastika," Mratibu akasema ndani ya simu, kwa sauti ile ile. "Mirija yote ya kanda imesimamishwa."

Dakika tano baadaye simu ikalia. Alikuwa Haule.

"Umeshafanya."

"Nimefanya, daktari."

Alimsikia akipumua. "Basi usirudi Songea. Nenda Tunduru moja kwa moja. Nitatuma mirija ya zamani, yote niliyo nayo. Na sheria ya mkono ikikukamata, sema nimekuamuru mimi."

5

Katika hospitali ndogo ya Tunduru, muuguzi aliyekuwa peke yake aliitwa Rehema Chikambo, msichana mwembamba, mwepesi wa kuelewa, ambaye hakuwahi katika maisha yake kushika mrija usiojiendesha. Skolastika alimfundisha kwa siku tatu. Walipima pua, sikio, kifua. Walivuta majimaji kidogo kwa bomba wakayajaribu kwa karatasi ya kupimia tindikali. Walipiga picha kwa kila mtoto, mpaka mashine pekee ya eksirei ikapata joto kupita kiasi, ikawa inahitaji kupumzishwa kila saa.

Halafu alilazimika kwenda Namtumbo, ambako hapakuwa na mtu kabisa, akakaa siku mbili, akarudi. Ndivyo alivyoishi kwa majuma saba: Tunduru, Namtumbo, Tunduru tena, akila garini, akilala kwenye viti. Vidole vyake vilipasuka kwa sabuni. Aliweka mirija mia mbili na kitu. Mmoja ulikosea njia, akauona kwenye picha kabla maziwa hayajashuka, akautoa.

Katika juma la sita kiwanda kilitoa matokeo ya kwanza. Walikuwa wamepekua kumbukumbu za nyuma za mirija, wakapata watoto wanne kabla ya Truda, wote wameandikwa nimonia. Mpangilio wa ncha ulikuwa unabadilishwa. Haule alimsomea taarifa hiyo kwa simu, na alipomaliza, alimsomea na hesabu nyingine, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu: tangu mirija izimwe, watoto tisa wa kanda walikuwa wamekufa kwa kukosa kulishwa, au kwa kulishwa vibaya.

Wa kumi alikuwa Shaibu, wa miezi minane, wa Tunduru.

Alikuwa amelazwa kwa malaria iliyopanda kichwani. Mrija wake ulichomoka Skolastika akiwa Namtumbo. Rehema aliurudisha, ukachomoka tena, na mara ya tatu damu ikatoka puani, Rehema akaogopa. Alimwekea dripu ya maji ya sukari mpaka chupa zikaisha, akangoja. Mvua ilikuwa imekata barabara. Skolastika alifika baada ya siku mbili, matope mpaka magotini, na sukari ya mtoto ilikuwa imeshuka mahali ambapo hairudi. Alimwekea mrija mara moja tu, ukaingia vizuri. Shaibu alifariki saa nne asubuhi siku iliyofuata.

Mama yake aliitwa Somoe. Alikuwa kijana, hata miaka ishirini na miwili hakuwa ametimiza. Shangazi yake alikuwa amekwenda kutafuta sanda, na yeye alikaa kwenye ukingo wa kitanda, amempakata mtoto aliyefunikwa.

"Dada," alimwambia Skolastika, "nieleze kitu. Mtoto wa jirani yangu alilazwa hapa hapa mwaka jana, akalishwa na mashine akapona. Ya mwanangu imezimwa kwa nini? Nani ameizima?"

Rehema, aliyekuwa akikunja shuka upande wa pili, alimtazama Skolastika na kutikisa kichwa taratibu, akimsihi.

"Mimi," Skolastika alisema.

Akachuchumaa mbele yake, akamweleza. Alimweleza habari za Truda, na watoto wanne waliomtangulia, na wale ishirini na watatu. Alimweleza kwamba sheria haikuwa na mlango wa katikati. Hakuharakisha na hakujitetea, na Somoe hakumkatiza hata mara moja. Alikuwa akimpapasa mwanawe mgongoni juu ya nguo, kama anavyopapaswa mtoto anayebembelezwa alale.

"Hao ishirini na watatu," Somoe aliuliza, "wamepona?"

"Ishirini na mmoja wamepona."

"Na mashine ingebaki, wangekufa wangapi?"

"Sijui. Labda mmoja. Labda hakuna."

Somoe akafikiri. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti, akayaacha yashuke.

"Ungenyamaza," alisema.

Skolastika alibaki amechuchumaa. Akainamisha kichwa. Shangazi aliingia na sanda mkononi, akawakuta hivyo, akadhani wanaomba, akasimama mlangoni.

Kitanda cha pili kilikuwa na pacha wa kike mwenye kilo tatu, ambaye saa yake ya maziwa ilikuwa imepita kwa dakika kumi. Rehema alikuwa ameshapima pua na sikio na kifua, ametia alama, lakini hakuthubutu kuanza.

"Sista," aliita kwa sauti ya chini. "Sista, njoo."

Skolastika aliinuka, akaenda kunawa mikono.